Barua ya Wazi: Mleteni Venus Dolní Věstonice Kila Julai

Kwa: Waziri wa Utamaduni wa Ucheki, uongozi wa Jumba la Makumbusho la Moravia, Brno, uongozi wa Mkoa wa Moravia Kusini.

YAH: SANAMU YA VENUS NA KIJIJI ALIKOTOKA

Waheshimiwa,

Baada ya salamu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kudai kitu bila kusitasita. Kicheki changu ni cha sokoni na cha kuvunia zabibu. Nakala ya Kicheki nitawaletea, mtu wa kuisahihisha nimeshampata. Lakini tupo wasemaji wa Kiswahili, hapa Brno na Praha na kwingineko, ambao tumepita mara nyingi barabara ya kwenda Vienna, tukaona upande wa kushoto kilima chenye mawe meupe, na maji mengi chini yake, na wengi wetu hatukujua tunapita juu ya nini. Nao wasikie ninachowaomba.

Ninachoomba ni kimoja. Kila mwaka, kuanzia wiki ya tarehe 13 Julai, Venus mwenyewe, ile sanamu ndogo ya kale ya mwanamke iliyofinyangwa kwa udongo, siyo nakala yake, apelekwe Dolní Věstonice, kijiji alikofukuliwa, au Pavlov kijiji jirani ikiwa huko ndiko kuna ulinzi bora. Akae wiki chache, kisha arudi Brno. Iwe ratiba iliyoandikwa na kutiwa saini, isiwe hisani ya mwaka wa sherehe.

Nianze na ardhi, maana hoja yangu yote imesimama juu yake.

Ukitoka Brno kuelekea kusini, nchi imelala tambarare kama mkeka. Halafu mbele yako panainuka mgongo wa mawe ya chokaa. Hiyo ndiyo Pálava. Kilele chake, Děvín, kina takriban mita 550 tu. Kwetu Kyela, tuliokulia chini ya safu ya Livingstone, tungekiita kichuguu. Ila hapa hakina mshindani, kwa hiyo kinatawala macho ya kila mtu kuanzia alfajiri. Juu ya bega lake kuna magofu ya ngome ya Děvičky, iliyochomwa na Waswidi mwaka 1645. Chini yake, upande wa kaskazini, ndipo kilipo kijiji chenyewe: watu wapatao mia tatu, mizabibu mgongoni, maji usoni.

Udongo wa hapo nausifu kila mwaka, na wenyeji wangu wamezoea kunicheka. Ni laini, wa manjano, hauna kokoto. Ukiukata kwa koleo unasimama wima kama ukuta. Uliletwa na upepo enzi za barafu, vumbi juu ya vumbi, kwa maelfu ya miaka, ukarundikana kwenye miteremko hii. Mizabibu inaupenda. Kwa sababu una chokaa, unatunza mifupa. Na ukiuchanganya na maji unafinyangika.

Enzi hizo barafu kuu ilikuwa imeziba kaskazini, na barafu ya milima ya Alpi imeziba kusini. Katikati palibaki ushoroba, na Mto Dyje ulipita humo. Wanyama waliohama walipita humo pia, wakiwemo mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya, na wawindaji wakakaa mteremkoni, juu kidogo ya mto, mahali pa kuona mbali. Ukisimama leo katika shamba la mizabibu juu ya kijiji utaelewa mara moja kwa nini walichagua pale.

Mwanaakiolojia Karel Absolon alianza kuchimba hapo mwaka 1924. Tarehe 13 Julai 1925, ndani ya majivu ya moto wa kale, kikatoka kipande cha udongo uliochomwa, na kingine karibu yake. Vikaunganika: mwanamke wa urefu wa sentimita 11.1, nyonga pana, matiti mazito, kichwa kisicho na uso isipokuwa michirizi miwili ya macho, na matundu manne utosini ambayo mpaka leo watu wanabishana yalikuwa ya nini. Ana umri wa takriban miaka 29,000. Ni miongoni mwa vitu vya kale kabisa vya udongo wa kuoka vinavyojulikana duniani. Vyungu vya kwanza vinavyojulikana, vile vya China, ni wajukuu wake kwa maelfu ya miaka.

Hapa naomba mnivumilie, mimi si mwanaakiolojia. Ni mtoto wa mfinyanzi. Mama na shangazi zangu ni Wakisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, na vyungu vyao vilipanda mitumbwi kwenda gulio la Lyulilo. Ndiyo maana siku ya kwanza niliposimama mbele ya nakala yake pale kijijini sikuyaona sana hayo mapaja yanayozungumzwa. Niliuona ufa, pale alipovunjika. Mfinyanzi yeyote atakwambia: udongo ukiingia motoni haujakauka sawasawa unapasuka kwa kishindo. Kwetu hiyo ni hasara, na siku hiyo watoto wanakaa mbali na mama zao. Sasa, katika miteremko ile yameokotwa maelfu ya vipande vya udongo uliochomwa, vichwa vya simba, vya dubu, miguu ya wanyama, na wapo wataalamu wanaosema vingi vilipasuliwa makusudi. Waliviweka motoni vikiwa bado vibichi ili vilipuke. Niliyasoma haya nikiwa kwenye treni, nikacheka peke yangu. Wafinyanzi wa kwanza tunaowajua, na inawezekana walichokuwa wanakitafuta ni ule mlio unaotutia sisi umaskini.

Mgongoni mwa Venus kuna alama ya kidole cha mtoto. Waliompima wanasema mtoto huyo alikuwa na umri wa kati ya miaka 7 na 15, na alimshika udongo ukiwa haujachomwa. Si lazima awe ndiye aliyemfinyanga. Huenda alitumwa tu, mpeleke pale karibu na moto, taratibu. Watoto wa wafinyanzi tunatumwa sana.

Mwanamke mwingine wa kilima hicho tunamjua kwa mifupa yake. Alifukuliwa mwaka 1949 na mwanaakiolojia Bohuslav Klíma. Alizikwa amejikunja, amepakwa udongo mwekundu, amefunikwa kwa mifupa mipana ya bega la mamothi, na uso wake ulikuwa umepinda upande mmoja. Miaka kumi na tatu kabla yake kilikuwa kimeokotwa hapo kichwa kidogo cha mtu kilichochongwa kwa pembe ya mamothi, nacho mdomo umeteremka upande mmoja. Kama ni yeye aliyechongwa au si yeye, wajuao wanabishana. Mimi kinachonikaa moyoni ni kwamba majirani zake walimzika kwa gharama.

Hiyo ndiyo sehemu ya historia inayouzwa kwenye vikombe na sumaku za friji. Iliyobaki haiuziki sana, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Baada ya wawindaji walipita wengi. Kilomita chache kutoka kijijini, kwenye kilima cha Hradisko huko Mušov, waliweka ngome askari wa Roma wakati wa vita vya Kaizari Marcus Aurelius, na mwaka 1988 likapatikana hukohuko kaburi la mtawala wa Kijerumani wa enzi hizo, limejaa vyombo vya Kirumi. Baadaye Waslavi nao walijenga boma kando ya mto, ndani ya eneo la Dolní Věstonice yenyewe, na wakazika watu wao hapo enzi ya Moravia Kuu, dola ya Waslavi ya karne ya tisa. Kisha karne nyingi za Wajerumani. Kwao kijiji kiliitwa Unterwisternitz, na walikilima, wakakiombea, wakakijengea makanisa, hadi mwaka 1938 Hitler alipoimega nchi hii na kukitia ndani ya himaya yake. Vita vilipokwisha, mwaka 1945 na 1946, karibu wote wakafukuzwa. Waliofanya uovu na wasioufanya wakaondoka na mizigo ileile ya mkononi. Siwatetei waliomshangilia Hitler. Nasema tu nyumba zilibaki na makabati.

Niliwahi kumkuta makaburini mzee mmoja aliyekuja na gari la Austria. Anasugua kuvu kwenye jiwe kwa mswaki. Tukaongea kwa Kijerumani changu kibovu. Akanionyesha paa kwa kidole, akasema alizaliwa chini yake. Nikamuuliza kama amewahi kubisha hodi. Akasema hajawahi, maana wanaoishi pale hawana kosa, akarudi kusugua.

Halafu kuna Mikulov. Mnaijua hadithi hii kuliko mimi, lakini wasomaji wangu hawaijui. Wakati wa vita sehemu kubwa ya vitu vilivyofukuliwa Věstonice na kwingineko, mifupa ya watu wa kale wa Předmostí, makazi mengine ya wawindaji huko Moravia, ikiwemo, ilihamishiwa katika kasri la Mikulov, upande wa pili wa Pálava, ili iwe salama. Aprili 1945, vita vikiwa vinamalizika, kasri likaungua na vilivyomo vikaungua navyo. Venus hakuwamo. Ndiyo maana yupo.

Najua hapo mtanikamata. Mtasema: unaona? Vilivyopelekwa karibu na kijiji viliteketea, aliyebaki mbali akapona. Hoja hiyo ni nzuri na siwezi kuipindua yote. Nitajibu tu kwamba kasri halikuungua kwa sababu lilikuwa shambani. Liliungua kwa sababu ya vita, na Brno nako mabomu yalianguka. Wala siombi mrundike kila kitu mahali pamoja kama walivyofanya wale. Naomba sanamu moja, wiki chache, wakati wa amani.

Na mwisho maji. Kijiji kilitazama Mto Dyje na misitu yake ya bondeni, iliyofurika kila masika. Tangu miaka ya 1970 hadi 1989 serikali ya wakati ule ikajenga mabwawa matatu ya Nové Mlýny, kuzuia mafuriko na kumwagilia mashamba. Misitu ikakatwa. Kijiji cha Mušov kikahamishwa, nyumba zikabomolewa, maji yakapanda. Kilichobaki ni kanisa la Mtakatifu Leonard, peke yake kwenye kisiwa katikati ya bwawa la kati, na ndege wamelizunguka. Watalii hulipiga picha machweo. Ni picha nzuri, sikatai, hata mimi ninayo kwenye simu. Ila kanisa lile halikujengwa kisiwani. Lilijengwa penye watu, wanaofika kwa miguu Jumapili na viatu vyao vina tope.

Yatazameni hayo matatu kwa pamoja, waheshimiwa. Wajerumani waliondolewa kwa amri, ili kuwe na amani. Mifupa ilihamishwa kwa amri, ili iwe salama. Mušov ilizamishwa kwa amri, ili mashamba ya chini yasizame. Kila mara ofisi ya mbali ilikuwa na sababu yenye kueleweka, na kila mara bonde hili likabaki na kitu kimoja pungufu. Sijui amri hata moja ya namna hiyo iliyoleta kitu hapa. Yenu inaweza kuwa ya kwanza.

Nawapa haki yenu: mwaka 2016 lilifunguliwa Pavlov jumba la makumbusho lililozamishwa ardhini, minara yake myeupe tu ndiyo imechomoza mteremkoni, na mifupa ya mamothi unaiona palepale ilipolala. Ni jengo la watu waliofikiri. Ndiyo maana ombi langu halihitaji matofali. Mahali papo. Kasha la kioo lipo. Aliyepungua ni mgeni rasmi.

Mtasema pia ni dhaifu, kusafiri kunamchosha. Kweli, udongo ni udongo. Lakini hebu kumbukeni jambo lililofanywa na nchi yenu hiihii. Desemba 2009 bustani ya wanyama ya Dvůr Králové iliwapakia ndegeni vifaru weupe wa kaskazini wanne, Sudan, Suni, Najin na Fatu, ikawapeleka Kenya, kwenye hifadhi ya Ol Pejeta. Duniani kote vifaru wa aina hiyo walikuwa wamebaki wachache kuliko vidole vya mikono yako. Najin na Fatu walikuwa wazaliwa wa Ucheki, hawajawahi kuikanyaga Afrika. Hoja ilikuwa kwamba huenda jua la kule na nyasi za kule zingefanya kazi ambayo banda lililopashwa joto lilishindwa. Hawakuzaa. Sudan alikufa Machi 2018. Kwa hiyo sisemi mlifanikiwa. Nasema kuna Wacheki walioamini mahali kuna kazi yake, wakaamini kwa kiasi cha kuvusha bara zima wanyama wenye uzito wa tani, pembe na hasira. Mimi naomba bibi wa sentimita 11 avushwe kilomita kama arobaini za lami.

Kuna sababu nyingine nisiyoweza kuitetea mbele ya kamati ya bima, lakini nitaiandika. Nimemtazama mtoto wa darasa la tatu hivi, kijijini, mbele ya nakala. Mwalimu akaeleza vizuri, miaka, majivu, mamothi. Mtoto akauliza, na yule wa kweli yuko wapi? Mwalimu akajibu, Brno. Mtoto akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezoea. Vya kweli viko Brno, hospitali iko mbali, kaka yuko Vienna kazini. Sidhani mtoto yule alisikitika. Hilo ndilo lililonisumbua njiani nikirudi.

Nakala haina alama ya kidole aliyoiacha mtoto. Ina umbo la alama, kalibu imelinakili. Wenye macho ya kitaalamu watasema ni kilekile. Mama yangu angeigeuza mara moja na kuirudisha mezani.

Sasa ya utekelezaji, kwa sababu barua za namna hii huishia kwenye machozi na mimi nataka tarehe. Julai inafaa: mizabibu imeshatoa vishada lakini mavuno bado, wenyeji wana nafasi, shule zimefungwa na wageni wapo. Siku ya kumfungulia iwe ya wanakijiji, bila tiketi, kabla ya kamera. Waalikwe pia watoto na wajukuu wa waliohamishwa Mušov, na wale wa Unterwisternitz ambao bado wanaweza kusafiri, na kando ya kasha yaandikwe majina yote ya mahali hapa, ya Kicheki na ya Kijerumani, na ya kijiji kilicho chini ya maji. Hayo yanatoshea kwenye ubao mmoja. Kuhusu mvinyo sitawafundisha kazi, ingawa nina maoni: watu wapewe ule uitwao Pálava, mbegu iliyopatikana kwa kuchanganya mizabibu miwili mwaka 1953 karibu na hapohapo, na upoozwe vya kutosha.

Kama wiki chache ni nyingi, anzeni na moja. Kama kila mwaka ni shida, semeni kila baada ya miaka miwili, mradi iandikwe na kijiji kipewe karatasi yenye mhuri. Nimeona wazee wa pale wanavyotunza karatasi zenye mhuri. Wanazo hata za serikali tatu zilizopita.

Mimi nitakuwepo. Ninalala kwa watu ninaowavunia zabibu, chumba cha juu, dirisha linatazama bwawa na kile kisiwa cha kanisa. Mkikubali nitampigia simu mama Ikombe, nimwambie yule mfinyanzi mwenzake anarudi nyumbani kutembea, naye bila shaka ataniuliza ni nani anamshika njiani na kama mikono yake ni mikavu.

Mkikataa, naomba mnijibu hata hivyo. Kicheki changu kinatosha kusoma barua ya kukataliwa, nimeshapata mazoezi.

Wenu mtiifu,
Mtoto wa mfinyanzi, mzaliwa wa Kyela, mkazi wa Brno